Benchi

Kashindye ukimwambia subiri kidogo
atakuuliza kidogo ni ngapi.
Siku niliposema imenyesha mvua ya mawe
alitoka na beseni, akarudi analia:
mawe yote ya Mabatini yalikuwa yale yale ya jana.

Ana miaka kumi na minne.
Kusoma amekujulia kwenye simu yangu,
kwa sauti isiyochoka kurudia ba, be, bi
hata mara mia.
Mimi huchoka ya tatu.
Kwa hiyo msiniambie nimnyang'anye simu.

Mwezi wa Mei yakaanza maneno.
Mambo, mrembo. Umekula? Umelala salama?
Mtu mwenye subira kuliko mimi.
Siku ya sita akaomba picha ya sare ya shule.
Siku ya saba, usimwambie mama.
Kashindye akanifuata jikoni:
"Mama, amesema nisikwambie."

Hajui kuficha. Hospitali waliandika ni upungufu;
siku ile niliushukuru upungufu kwa magoti mawili.

Nikasema, si nilikukataza kuongea na usiowajua?
Akanitazama kama anayesahihisha daftari langu.
"Namjua. Anaitwa Eriki. Ameniambia."

Usiku nililala chali nahesabu misumari ya bati.
Chini kule ziwani taa za dagaa zilikuwa zimewaka.
Dagaa hahitaji ndoana.
Huwashiwa taa usiku usio na mwezi,
naye huja mwenyewe, akidhani kuna mwezi.

Asubuhi nikamketisha kwenye benchi la mlangoni.
Unayemjua, nikamwambia, ni aliyewahi kukaa hapa
na mimi nikamwona.
Tukachora kwa chaki kwenye mlango wa kabati:
benchi, na mtu juu yake.
Jua likizama, simu inalala kwenye chungu cha unga.
Siri tuliichora mdomo,
tukaukata kwa mstari mwekundu.

Alhamisi baba yake akapiga kutoka Geita,
kwa namba ya mchomeleaji mwenzake.
Kashindye akasikiliza mpaka mwisho.
"Umekaa kwenye benchi?"
"Niko Geita, mwanangu."
Akakata.
Akapiga tena. Akakata tena.
Usiku nilitukanwa mimi: umemfundisha mtoto dharau.

Jumamosi akavuka na kivuko cha Kamanga,
akapanda ngazi za mawe na mananasi mawili.
Mlangoni akazuiwa. Kaa kwanza.
Akakaa.
Kashindye akamkagua kuanzia viatu.
"Sasa piga."
Na yeye, mtu mzima, fundi wa mageti,
akatoa simu akapiga
hatua mbili kutoka kwa binti yake,
binti akapokea: "Haloo, baba. Shikamoo."

Ningeishia hapo ningekuwa najisifu.

Jioni ile alifungua ukurasa wangu mwenyewe,
akapitisha kidole kwenye majina.
Huyu amekaa kwenye benchi? Hapana.
Huyu? Hapana.
Huyu mwenye miwani? Simkumbuki.
Marafiki elfu moja mia mbili na kumi;
waliokaa hawajazi hata kivuko cha asubuhi,
hawajazi hata benchi mara tano.
Na wote nilikwisha kuwapa Kashindye.
Kashindye na keki. Kashindye na sare mpya,
jina la shule linasomeka kifuani,
na chini yake mkono wangu: Malaika wangu.

Eriki hakuvunja kitu. Mlango niliuacha wazi mimi,
nikaweka na maua.

Nilianza kufuta saa mbili usiku,
chungu cha unga kikiwa wazi kinasubiri.
Picha moja moja. Nyingine zilinikaza koo.
Saa nne bado yuko kando yangu, anapiga miayo.
Kalale, nikamwambia, bado kidogo.

Kidogo ni ngapi?

Nikahesabu.
Mia tatu na sita.